Ajizi, Maskini na Lofa: Historia ya Majina Tunayowapa Wenzetu



Kwanza kabisa nawashukuru wahariri wa jarida hili kwa kunipa nafasi ya kuandika machache katika toleo la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Najua kwamba wengi wenu mtazifungua kurasa hizi kutafuta picha za timu ya mpira na majina ya wenzetu waliotutangulia mbele ya haki. Hata hivyo nawaomba mnivumilie kidogo juu ya jambo lisilokuwa na picha, nalo ni historia ya maneno. Sikusudii maneno yote, bali yale tunayomwitia mtu mwenye hali ya kusikitisha, na yale tunayomwitia mvivu. Makundi haya mawili yalistahiki kukaa mbali mbali, kwani mtu asiyeweza si sawa na mtu asiyetaka. Lakini ukiyafuatilia utaona kwamba maneno huvuka kutoka kundi moja kwenda jingine, na kila yanapovuka kuna binadamu anayedhulumiwa au anayehurumiwa.

Lugha yetu haina upungufu katika mlango huu. Katika asili yake ya Kibantu tunao mvivu, mnyonge, mkata na mkiwa. Tunayo maneno ambayo hata sauti yake yanachora picha, kama goigoi na hohehahe. Kutoka Kiarabu tumepokea maskini, fukara, dhaifu, dhalili na ajizi. Kiingereza nacho kimetuachia lofa. Kila moja katika haya mageni lilikuja na chombo chake, na kila moja limebadilika baada ya kushuka pwani.

Ajizi na ndugu zake

Tuanze na ajizi. Sote tuliipata methali isemayo kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na hapana mwanafunzi aliyepita mikononi mwa walimu wetu asiyeambiwa methali hiyo angalau mara moja kwa muhula. Kwa Kiswahili cha leo ajizi ni uvivu, ulegevu, tabia ya kuahirisha kazi. Lakini katika Kiarabu, ambako neno limetoka, ajiz ni mtu asiyeweza: mgonjwa, mlemavu, mzee aliyeishiwa na nguvu. Halikuwa neno la lawama. Lilikuwa neno la kueleza hali.

Asili hiyo ina watoto wengine ambao tunaishi nao bila ya kujua kwamba ni ndugu. Ajuza, yaani bibi kizee aliyekongoroka, ametoka huko huko. Kadhalika muujiza, kwa maana ya jambo linalowafanya watu wote washindwe kulileta mfano wake. Kwa hiyo ndugu hawa watatu wote walibeba maana moja, ya kushindwa. Ajuza ameshindwa na miaka, muujiza unawashindisha viumbe, na ajizi ameshindwa na mwili wake. Ni huyu wa mwisho tu ambaye sisi tulimgeuza tukasema hakushindwa, bali hataki.

Tena yafaa tukumbuke dua mashuhuri tuliyofundishwa vyuoni tukiwa wadogo, ya kujikinga na shari kadhaa, ambayo imepokewa katika Bukhari na Muslim. Ndani yake ajz na kasal hutajwa moja baada ya jingine, kutojiweza na uvivu, kama mambo mawili mbali mbali. Mwenye kuomba anajikinga na hili na lile. Kiarabu cha dua kilitofautisha, na sisi tunaoisoma dua hiyo tukavichanganya viwili hivyo ndani ya neno moja la Kiswahili.

Mfano kutoka bahari ya mbali

Msidhani kwamba mchezo huu ni wa Waswahili peke yao. Upo mfano unaofanana na wetu mno katika kisiwa cha Newfoundland, kilichoko mashariki ya Kanada. Ni kisiwa cha wavuvi, chenye baridi kali na bahari ngumu. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 walihamia huko Waayalandi wengi, hasa kutoka Waterford na wilaya zilizo jirani, ili kuvua samaki aina ya chewa wa maji ya baridi. Walikwenda na lugha yao ya Kiayalandi, na ijapokuwa lugha hiyo imekwisha kufa huko, maneno yake kadhaa yamebaki katika Kiingereza cha kisiwa.

Mojawapo ni hangashore, ambalo wengine hulitamka angishore. Asili yake ni neno la Kiayalandi lenye maana ya mtu dhalili, mwenye taabu, wa kuhurumiwa. Basi neno hilo lilipokaa miongoni mwa wavuvi likaanza kusikika katika masikio yao kama maneno mawili ya Kiingereza: lile la kuning'inia au kubarizi, na lile la ufukweni. Mtu wa kusikitisha akawa mtu anayebaki pwani wenzake wakenda baharini. Kutoka hapo safari ilikuwa fupi. Kamusi ya Kiingereza cha Newfoundland iliyochapishwa mwaka 1982 inaeleza maana zote, ya mnyonge wa kuonewa huruma, na ya mvivu asiyetaka kwenda kuvua.

Sisi watu wa Uroa tunaielewa hadithi hiyo bila ya mkalimani. Katika kijiji cha wavuvi, anayebaki pwani huulizwa. Ikiwa anaumwa, watu hujua. Lakini wiki zikipita, na sababu ikasahauliwa, macho ya watu hubaki yakimwona pale pale chini ya mnazi, na jina hubadilika. Hivyo ndivyo anayeonewa huruma anavyogeuka kuwa anayelaumiwa, katika Atlantiki na katika Bahari ya Hindi.

Maskini na fukara

Neno la pili ni maskini, na hili ni kongwe kupita yote. Katika sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa takriban miaka 3,700 iliyopita, limo tabaka la watu walioitwa mushkenu, ambao hawakuwa watumwa wala hawakuwa mabwana. Neno likaingia katika Kiaramu, kisha katika Kiarabu, na kwa Kiarabu likasambaa duniani. Waarabu waliotawala Hispania waliliacha huko, na hadi leo Wahispania wana mezquino, Wataliani wana meschino na Wafaransa wana mesquin. Lakini tazameni lilivyofanywa. Kwa Kihispania limekuwa mtu bahili. Kwa Kifaransa limekuwa mtu mwenye roho ndogo, mwenye vijimambo vya chini. Umaskini wa mfuko umegeuzwa umaskini wa moyo.

Kwetu haikuwa hivyo, na hili ni jambo la kujivunia. Mswahili anaposema "maskini!" kwa kumsikitikia mtoto aliyeanguka, amelihifadhi neno katika huruma yake. Lakini methali zetu zinashuhudia pia kwamba jamii haikumtendea vyema mwenye jina hilo. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Aliyeitunga methali hiyo alikuwa na macho.

Fukara naye ana kisa chake. Kwa Kiarabu fukara ni wingi, yaani mafakiri. Sisi tulipokea wingi tukaufanya umoja, kisha tukaongeza wingi wetu juu yake tukasema mafukara, na tukaunda ufukara, fukarika na fukarisha. Zaidi ya hayo, kwa Kiswahili fukara ana hali mbaya kuliko maskini. Jambo hili linalingana na mafunzo ya madhehebu ya Shafi yaliyoenea visiwani kwetu, ambayo katika mlango wa zaka humhesabu fakiri kuwa ndiye mhitaji zaidi, wakati wanachuoni wa Kihanafi wana mpangilio ulio kinyume. Mfano wanaopewa wanafunzi ni mtu anayehitaji 10: akiwa na 2 au 3 ni fakiri, akiwa na 7 au 8 ni maskini.

Na hoja mojawapo wanayoitoa Mashafi ni ya kutufurahisha sisi watu wa pwani. Katika Sura ya Kahf, aya ya 79, imetajwa jahazi iliyokuwa mali ya watu maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Wanasema wanachuoni: tazama, watu hawa wana chombo, na wana kazi, na bado wameitwa maskini. Kwa hiyo maskini anaweza kuwa na kitu kisichomtosha. Mimi naongeza jambo moja tu. Maskini wa aya hiyo si wavivu. Wametajwa wakiwa kazini, tena kazi ya bahari, ambayo hapana mtu wa Uroa atakayeithubutu kuiita nyepesi.

Jina walilopewa wazee wetu

Hapa sina budi kutaja neno ambalo wengine hawapendi kulisikia. Wenyeji wa pwani ya mashariki na kusini ya Unguja waliandikwa katika vitabu vya wageni na katika hesabu za watu za zama za ukoloni kuwa ni Wahadimu. Neno hadimu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtumishi. Wazee wetu hawakuwa watumwa. Walikuwa na mashamba yao ya maweni, miji yao, na wakubwa wao chini ya Mwinyi Mkuu, ambaye kasri yake ya Dunga haiko mbali na hapa. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad aliijenga katikati ya karne ya 19 na akafariki mwaka 1865. Lakini enzi ya Masultani wa Kiomani iliwatoza wenyeji kodi na kazi, na jina likafuata kazi. Basi kabila zima likaitwa kwa jina la utumishi ambao hawakuuchagua.

Ndiyo maana wengi walipoulizwa na makarani wa serikali walijitaja kwa majina mengine, kama Washirazi, na wenzetu wa Makunduchi huita usemi wao Kikae, yaani lugha ya kale, lugha ya wenye mji. Kujichagulia jina ni haki. Anayepewa jina na mwingine hupewa pamoja nalo na hukumu.

Sheria iliyoachia huru na kubandika jina

Mfano ulio wazi kabisa wa hukumu iliyofichwa katika jina ni ule wa tarehe 6 Aprili, 1897. Siku hiyo Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya himaya ya Waingereza iliyoanza mwaka 1890, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Ni tarehe kubwa, na tulifundishwa skuli kuiheshimu. Lakini si kila mmoja aliyefundishwa kifungu cha nne. Kifungu hicho kilimtaka mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa huru athibitishe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, na kama hakuweza, angetangazwa kuwa mzururaji.

Fikirini jambo hilo. Mtu amefanya kazi ya mwenziwe miaka 30 bila ya mshahara. Asubuhi moja anaambiwa yu huru. Hana shamba, kwa sababu shamba ni la bwana. Hana nyumba, kwa sababu nyumba imo katika shamba la bwana. Kwa hiyo siku ile ile anayotoka katika jina la mtumwa, jina jingine linamngoja mlangoni. Hapana aliyemwita mzururaji alipokuwa akilima karafuu za wengine bure. Ametakiwa kuitwa hivyo alipopata nafasi ya kuchagua alime za nani.

Katika miaka iliyofuata maofisa wa Kiingereza walilalamika mara kwa mara kwamba watu wa Unguja hawapendi kazi. Walichokuwa wakikitaka hasa ni vibarua wa karafuu, tena wa kudumu na wa ujira mdogo. Watu wa vijiji vya pwani yetu walikwenda kuchuma msimu ulipofika, kisha wakarudi kwao, kwa sababu huku walikuwa na mihogo ya kupalilia, madema ya kutega na makumbi ya kufukia. Yule ofisa aliyekaa mjini aliona migongo yao wakiondoka. Hakuiona kazi waliyokwenda kuifanya.

Lofa

Lofa ni mtoto wa lugha ya mtawala huyo huyo. Neno lenyewe la Kiingereza lilianza kusikika Marekani katika miaka ya 1830, na maana yake ni mtu anayebarizi bila ya kazi kwa hiari yake. Ni neno la kulaumu tangu kuzaliwa kwake. Lilipoingia katika miji ya Afrika Mashariki lilikuta vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi wakaikosa. Nao, badala ya kulikataa, walilichukua wakalifanya lao. Leo mtu akisema "mimi lofa tu, bwana", hasemi kwamba ni mvivu. Anasema hana fedha wala kazi, na pengine anakuomba nauli.

Hili ni jambo la ajabu katika historia yetu. Ajizi aliondoka katika huruma akaingia katika lawama, na lofa akaondoka katika lawama akaingia, japo nusu, katika huruma. Tofauti ni kwamba neno la kwanza liligeuzwa na waliokuwa wakimtazama mtu, na la pili liligeuzwa na wenyewe waliokuwa wakitazamwa.

Serikali nazo hazikuacha kuyatumia maneno haya baada ya uhuru. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, neno mnyonge lilipanda majukwaani hapa Zanzibar likawa ni neno la kudai haki, na aliyekuwa akiitwa hivyo kwa kudharauliwa akagaiwa eka tatu kwa jina hilo hilo. Kwa upande wa pili, Tanzania Bara ilipitisha mwaka 1983 sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, na wasiokuwa na kazi maalumu wakakamatwa mitaani Dar es Salaam ili warejeshwe vijijini. Nia ilikuwa ni kuongeza uzalishaji. Lakini ilimpasa askari aamue barabarani, kwa kumtazama mtu tu, kama ni mzururaji au ni mtafuta riziki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Faida ya habari hizi kwetu

Huenda kijana wa Kidato cha Pili akauliza: yote haya yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Tuchukue kilimo cha mwani, kilichoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ambacho wengi wa wakulima wake ni wanawake, mama zetu na dada zetu. Mwani hufuata maji. Wakati wa bamvua maji hukauka mbali, na wanawake huwa mashambani tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, wamezama magotini, migongo imepinda juani. Wakati wa maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na mashamba hayafikiki. Mgeni akifika siku ya maji mafu akawakuta wamekaa barazani wakisuka kamba, ataandika kwamba watu wa Uroa wanapenda kukaa. Angefika wiki moja baadaye, angeandika mengine. Na mwani wa bei nzuri unapokufa kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto, shamba tupu halimaanishi mkulima mvivu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na wenzangu wengi wa mkutano huu ni watumishi, walimu au wafanyabiashara. Kila siku tunaandika juu ya watu. Tunajaza ripoti, tunapendekeza, tunakataa. Neno moja katika faili hudumu kuliko aliyeliandika. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba kutoa nasaha tatu.

La kwanza, kabla ya kuandika kwamba mtu ni mvivu au mzembe, tuulize kwanza kama ana uwezo. Mwanafunzi anayesinzia darasani pengine amelala, pengine alikuwa nje ya mwamba usiku na baba yake. La pili, tuangalie ni nani anayetoa jina na anafaidika nini nalo. Mwenye shamba la karafuu alifaidika kwa kumwita mwenziwe mzururaji. La tatu, tusiogope kusema kwamba mvivu yupo. Yupo, na methali ya ajizi imesema kweli juu ya nyumba yake. Huruma isiyopambanua humvunjia heshima hata yule mwenye shida ya kweli, kwa kumweka kapu moja na mtegeaji.

Vijana mlioko skuli sasa mnayo bahati tusiyokuwa nayo sisi. Ipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na lipo Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, lililotoka mwaka 2010. Zifungueni. Lakini msiishie hapo. Wapo wazee na mabibi hapa kijijini wanaojua maneno ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote, ya kumtaja mvivu, ya kumtaja mkiwa, ya kumtaja aliyevunjikiwa na chombo akabaki pwani. Nendeni na daftari, mkae nao, mwulize neno hili walikuwa wakiitwa akina nani, na nani aliyekuwa akiwaita. Mkiyaleta hapa, naamini wahariri watayapatia nafasi katika toleo lijalo, na yatakuwa na thamani zaidi kuliko haya yangu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika haki zake, ya mwanzo ni kuitwa kwa jina linalomstahiki.